Chokaa Yako Chini ya Mawaridi

Fundi Haji,

Mawaridi yamekufa tena. Ni mara ya tatu, miche kumi na minne kila mara, na kila mara wanabadilisha mbolea. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakumbuka kwamba wa kucheka naye hayupo.

Nikueleze, maana uliondoka wakati wa baridi, hukuiona mvua.

Ile nyumba kuukuu ya shambani tuliyokuwa tunaitengeneza ili irudi ilivyokuwa miaka mia iliyopita, sasa ni ya kukodisha kwa harusi. Yule mtaalamu uliyempa jina la Bwana Kofia ndiye anayepigwa picha barazani, mguu mmoja juu ya ngazi, kama mtu aliyeua simba. Unamkumbuka siku ya kwanza? Ulimwambia kuta zile ni za tofali laini, zinataka lipu ya chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Ukizibana kwa simenti zitaoza kwa ndani. Akamgeukia mwenye nyumba, akacheka: "Mzee anataka turudi enzi za masultani!" Vyumba kumi na viwili, akakuachia kimoja, cha mashariki, kama mtoto anavyopewa donge la unga achezee jikoni. Na lile shimo lako la kulowekea chokaa nyuma ya banda la farasi, ulilolichimba mita moja na nusu, akaamuru lifukiwe. Eti linaharibu mandhari. Wageni watapenda mawaridi pale.

Vile vyumba kumi na kimoja nilivipiga simenti mimi. Alisema changanya, nikachanganya, na huku najua naharibu. Jioni nyuma ya bakki, lile gari la mizigo, tukirudi nyumbani Jeppestown, hukunigombeza. Ulisema tu, "Saidi, leo umefanya kazi nzuri sana ya mtu mwingine." Eish, Fundi. Afadhali ungenizaba kofi.

Basi mvua ikanyesha wiki tatu mfululizo. Ilipofika Krismasi, katika vyumba tisa simenti ilikuwa imevimba kama andazi, inabanduka mapande ya ukubwa wa sinia. Moja lilimwangukia bi harusi kwenye shela. Na unajua Bwana Kofia alimwambia nini mwenye nyumba? Kwamba ni kazi ya yule mzee wa Zanzibar. Mchanganyiko wako ndio mbovu, kwa hiyo na chumba cha mashariki kibanduliwe lipu yote kabla hakijaua mtu. Marehemu anafaa sana kusingiziwa. Hawezi kuja mkutanoni kujibu.

Hapo nilishindwa kunyamaza. Nikampa mwenye nyumba mwiko, Bwana Kofia anatazama. "Mama, gonga popote." Akagonga chumba cha mashariki mara sita: sauti moja, kavu. Akaenda chumba cha jirani, akagonga mara moja, pande likamdondokea kiatuni. Nikamfungulia daftari letu la kazi. Kurasa zako: mchanga ndoo tatu, chokaa ndoo moja, siku kwa siku, chumba kimoja tu. Kurasa za simenti: mwandiko wangu, saini ya Bwana Kofia. Akavua kofia kujifuta jasho. Ana upara, Fundi! Tulibishana mwaka mzima, kumbe ulisema kweli.

Lakini hakukoma. Mama alipouliza chokaa nzuri inapatikana wapi, akasema itaagizwa Ulaya, miezi minne. Mimi nikachukua koleo, nikaenda kwenye mawaridi yao yaliyokauka.

Nilidhani chokaa yako imeshaganda kuwa jiwe. Nikapita sentimita sitini za udongo, nikakuta magunia yako, kisha mchanga wako, bado una unyevu. Chini yake imelala chokaa, nyeupe, laini kama siagi, kama umeifunika jana. Ndiyo iliyokuwa inayaunguza mawaridi. Ulikuwa ukisema chokaa ikifunikwa vizuri haiharibiki, inanona tu, nami nikiona ni porojo za wazee. Nikapiga magoti kwenye lile tope, nikajifanya natafuta kitu.

Bango la getini bado lina jina la Bwana Kofia peke yake. Libaki. Mvua haisomi mabango.

Nimepima shimo lako: linatosha vyumba saba. Tumeshabandua simenti yangu, na chumba cha kwanza kinakauka polepole, kama ulivyotaka. Kwa vile vinne vilivyobaki nimechimba shimo jingine kando ya lako, na jana niliitia maji chokaa mbichi niliyoinunua hapa hapa, ikachemka mpaka nikarudi nyuma hatua tatu. Ijumaa msikitini Mayfair nilikuombea dua, nikaiona nafasi yako ya safu ya pili, amekaa mtu mwingine.

Nakuahidi: mikono hii haitapaka tena simenti kwenye tofali laini, aamuru nani. Na kila nyumba nitakayoitengeneza nitaacha shimo limejaa, limefunikwa kwa magunia, kwa ajili ya atakayekuja baada yangu.

Lala pakavu, Fundi wangu.

Saidi