Chakula cha Njiani

Nyamiaga, Ngara

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umepoa. Huku mvua haikatiki, na mimi tangu jana situlii, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwalimu wa Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa niliyokuja kujifunza huku, alitueleza kwamba "vojaĝo", yaani safari, asili yake ni neno la Kilatini la chakula cha njiani. Mama mwenyeji wangu, Mrundi anayesoma nami, akaniuliza, "Wewe mama yako alikufungia nini?"

Nikadanganya: viazi, nimevimaliza kwenye basi.

Kumbe viazi ulivyoamka alfajiri kunichemshia niliviacha makusudi nyuma ya mlango, nikiona haya kubeba furushi. Nisamehe. Kwa Kilatini hicho, mimi bado sijasafiri. Jumamosi bandika sufuria, Mama. Naja kuanza upya.

Mwanao,
Yasinta