Mchago Upande wa Mlango

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yamekupa likizo kidogo. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi sijambo. Ninakula, ninalala, ninaamka, basi. Ujumbe wako niliupata, kwamba chumba cha mama kinapata mpangaji mwisho wa mwezi, na unataka kujua kama nitakuja kusaidia kutoa vitu au nitabaki huku na michezo yangu. Niwie radhi kwa kukawia. Sikuwa nimekasirika. Sikuwa chochote.

Kazi ipo. Tunaandaa mchezo wa mama mgonjwa anayewasubiri wanawe, na mimi ndiye mbunifu wa jukwaa na mavazi. Gauni la kulalia la mgonjwa lilikuja jipya, linameremeta, kwa hiyo nililichovya kwenye chai ya rangi na kulisugua viwiko kwa msasa hadi likachoka. Fundi cherehani akasema nimelitesa hadi likawa kama lililotafunwa na mbuzi. Wote wakacheka. Nikacheka nao, kwa kuwa ndicho kilichotakiwa.

Chumba chenyewe nilikijenga kwanza kwa maboksi, kidogo cha kukaa mezani, kisha seremala akakitengeneza kikubwa jukwaani. Hakuna aliyeona kasoro mpaka mwigizaji alipopanda kitandani. Mchago, upande wa kulaza kichwa, niliuelekeza kwa watazamaji. Hata anayejifunza kazi hii hafanyi kosa hilo, maana ukikaa ukumbini unaona kitambaa cha kichwani tu, uso wa mgonjwa huuoni. Mwongozaji akaniuliza kwa upole kama watu watatoka makwao kuja kutazama kitambaa. Nikasema tutakigeuza. Seremala aliposhika mguu wa kitanda, nikamwambia asikiguse. Nilipaza sauti, dada, mimi mnayeniita Maji ya Mtungi kwa ubaridi wangu.

Nikashuka nikakaa kiti cha mbele. Kitanda, kiti kando yake, dirisha, pazia lililoishia juu kidogo ya sakafu. Kilikuwa chumba cha mama, nacho nilikichora kama kinavyoonekana ukisimama mlangoni.

Siku aliyotutoka nilikwambia gari liliharibika njiani. Halikuharibika. Nilifika mapema, nikasimama mlangoni nyuma ya kichwa chake. Wewe ulikuwa umeinama, unamnywesha maji kwa kijiko, hukuniona. Aliuliza kama nimekuja. Ukamwambia nipo njiani. Nami nilikuwa pale pale, nalitazama pazia, nawaza kwamba lilikatwa fupi. Sikuhisi kitu. Nikarudi nyuma polepole, nikaenda kukaa kituo cha mabasi mpaka uliponipigia simu.

Mazishini ulisema nina moyo mkavu, shangazi akanitetea. Alikosea kunitetea.

Kitanda cha jukwaani tumekigeuza, na uso wa mwigizaji sasa unaonekana vizuri. Mimi bado ni vile vile, sijalia. Nitakuja Jumamosi. Ukitaka kunifukuza utanifukuza, haki yako. Ila vitu vingine toa, gawa, fanya upendavyo, lakini kitanda cha mama usikisogeze kabla sijafika.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie nawaletea vipande vya vitambaa vya kuchezea. Shangazi naye mpe salamu zangu.

Mlango uuache wazi, dada. Safari hii nitaingia.

Mdogo wako,
Maji ya Mtungi