Kapteni, Hujavuliwa Viatu Bado

Dodoma, Jumapili, mwezi wa nane.
Mwaka na nusu tangu niondoke Igoma.

Kapteni Masatu,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba, lakini mdomo umezoea.

Mimi ni mzima. Bado ni saidia fundi kwenye lile ghorofa nililokuambia. Siku Mama Neema aliponipigia kuniambia umeanguka uani asubuhi, presha, na hukuamka tena, nilikuwa natoka kumwaga zege. Nilimsikiliza. Nikamwambia pole shemeji. Kisha nikachukua karai nikarudi kwenye foleni. Wenzangu hawakujua kitu mpaka kesho yake. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Niko kama mguu uliokaliwa muda mrefu: naugusa, najua ni wangu, lakini sisikii kitu.

Walikuzika kwenu Majita, karibu na ziwa. Mimi nilikuwa hapa.

Nikupe habari za timu. Uwanja wetu umemegwa upande wa kona ya kushoto, wamejenga karakana ya kuchomelea. Sasa anayepiga kona anaegemea ukuta kwanza. Ungecheka. Namba kumi mpya anatoka kwenye karakana hiyo hiyo, jina lake Deo, mtu mzima mwenye ndevu. Wanasema anapiga miguu yote. Ila hainui kichwa kabla mpira haujamfikia, kama ulivyokuwa unainua wewe.

Na jezi yako hajaivaa. Amekataa. Alimwambia Mwenyekiti Bwire mbele ya watu, "Siwezi kuvaa jezi ya mtu ambaye hajavuliwa viatu."

Desturi hii unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike, nikiandika naielewa. Timu yetu ilianzishwa na wapasua mawe. Mlimani mtu hapasui jiwe peke yake. Mmoja anapiga nyundo, mwenzake anashika tindo, na mwenye kushika hafumbi macho. Mpasuaji akizeeka, siku ya mwisho anakaa juu ya jiwe lake, na yule aliyemshikia tindo ndiye anayemfungua kamba, anamvua viatu, anamwagia miguu maji ya ziwa vumbi litoke. Kisha mzee anashuka mlima peku na mkewe, wala hageuki. Tukaipeleka uwanjani vile vile. Mchezaji anayestaafu anakaa katikati ya uwanja, anavuliwa na mwenzake, na kuanzia hapo namba yake ni huru.

Tindo lako nililishika mimi. Uwanjani pia, pasi zako nilizikimbilia mimi.

Kapteni, nitasema ukweli, wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Ulikuwa umezeeka. Msimu wangu wa mwisho kabla sijaondoka, pasi zako zilikuwa zinafika nikiwa nimeshaacha kuzisubiri. Watu waliliona hilo, sikuwa peke yangu. Lakini timu inajua kumpokea mchezaji, inampigia ngoma na kumbeba mabegani. Kumwachia haijui. Walikurudisha beki. Halafu wakawa wanakutoa kila kipindi cha pili kinapoanza. Pale pembeni ya barabara watazamaji wakawa wanakuzomea, "Babu, wajukuu wanakuita!" Na wewe ukawajibu huku unatembea, mikono kiunoni, "Mpira hauchoki. Uacheni ukimbie wenyewe." Walicheka. Hata mimi nilicheka.

Nilipokuwa nimeshakuja huku ndipo wakakupa cheo, mshauri wa ufundi, na kiti cha plastiki. Nilisikia ulikikalia mechi moja tu. Mechi ya pili ulimpa kiti mama muuza karanga, ukaanza kupasha misuli.

Halafu Kiseke.

Ulinipigia mwenyewe siku ile. Ulisema, "Magesa, mdogo wangu, leo nimecheza na mbuzi." Sikuelewa. Ukasema mwenyekiti alikuambia mechi iko Kiseke, ukaenda na begi lako, ukavaa kila kitu, ukafunga kamba. Uwanja ulikuwa na mbuzi tu. Timu ilikuwa Buhongwa, upande mwingine wa mji, imeshaanza kucheza. "Nimewapiga chenga wote," ukasema. "Dume lao moja tu ndilo lilijua kukaba." Ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukauliza, kama ulivyouliza kila mara, "Unarudi lini?" Nikakujibu kama nilivyojibu kila mara, "Zege likiisha." Ukasema, "Haya. Sisi tupo."

Nilidhani ni salamu.

Wiki iliyopita Mama Neema aliniambia haikuwa salamu. Ulikuwa umeshachoka kucheza tangu zamani. Magoti yalikuwa yanakuuma mpaka unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Alikuambia, "Baba Neema, acha, tuzeeke." Ukamwambia utaacha Magesa akirudi, maana huwezi kuvuliwa viatu na mtu ambaye hakukushikia tindo. Watu wote walisema Masatu anang'ang'ania sifa. Kumbe ulikuwa unasubiri mtu.

Nimelisikia hilo, Kapteni, na bado sijalia. Nimekaa nalo tu.

Viatu vyako viko chini ya kitanda. Anasema kamba ziko na fundo lako lile la mara mbili, ulizifunga asubuhi ile ukiwa unajiandaa na mazoezi, na walipovitoa pale uani walivivuta tu miguuni, hakuna aliyefungua. Hajaruhusu mtu aliguse fundo hilo.

Sasa ligi ya kata inaanza. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwako na kipaza sauti kimeshakodiwa, akasema Jumamosi hii ataviweka viatu kwenye kiti na kuvifungua mwenyewe, kwa heshima zote. Mama Neema alimjibu akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani: "Wewe uliyempeleka kwa mbuzi, ndiye wa kumvua viatu?" Mwenyekiti akasema basi atanunua jezi nyingine namba kumi. Deo aliposikia akamwambia, "Nunua hata ishirini, uvae mwenyewe." Ndipo mwenyekiti akanipigia. Nikifika Jumamosi, nifungue mimi. Nisipofika, wataweka viatu vipya vya dukani kwenye kiti, watapiga makofi, na mambo yataisha.

Yaani wakutume Kiseke mara ya pili.

Kuna mzee hapa, alikuwa anaendesha mashine ya kuchanganya zege. Mwezi uliopita nyapara alimwita mbele yetu akamwambia, "Mzee wangu, mikono imechoka. Leo ndiyo mwisho. Kaa ule na sisi." Mzee alitukana, akatupa koleo. Kisha akakaa, akala. Tulimwona nyapara hana huruma. Sasa nafikiri alikuwa nayo. Timu yetu haikukosea kukuona mzee. Ilikosea kukuachia ulisikie jambo hilo kutoka kwa mbuzi.

Basi jana nami nilikwenda kwa nyapara. Wengine hapa huondoka kimya, asubuhi hawaonekani. Mimi nilimwambia usoni, naenda nyumbani, kuna mtu wa kumvua viatu. Akaniuliza, "Mgonjwa?" Nikasema marehemu. Aliniangalia sana. Akasema, "Ukienda, ukirudi jina lako hulikuti hapa." Nikamwambia asante kwa kuniambia. Nilimaanisha.

Kwa hiyo itakuwa hivi. Maji ya ziwa nitachota mwenyewe. Mama Neema ataketi katikati ya uwanja na viatu mapajani. Kabla sijagusa fundo, mwenyekiti atasimama mbele ya watu na kukuambia lile aliloshindwa kukuambia ukiwa hai. Nimemwambia kwenye simu: bila hilo, sifungui. Akasema, "Sawa, Magesa. Nitasema." Halafu nitafungua, polepole, maana fundo lako nalijua. Shemeji atatoka na viatu, yeye mwenyewe akiwa peku, wala hatageuka. Deo atavaa jezi pale pale. Nitamwambia ainue kichwa.

Sijui kama nitalia siku hiyo. Nisipolia usinihesabie kosa.

Umesubiri vya kutosha, Kapteni. Inatosha sasa. Mimi niliyekushikia tindo ndiye ninayekuambia.

Napanda basi Alhamisi alfajiri. Jioni likishapita Buhongwa nitakuwa nimesimama mlangoni mwa basi na begi langu. Jumamosi nakufungua, na Jumapili naja Majita kukuambia ilivyokuwa.

Mdogo wako,
Magesa