Mihogo Penye Kahawa ya Baba

Uru, Moshi
18 Septemba 1997

Kaka yangu Antoni,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo huko Tabora. Sisi ni wazima, ila magoti yanamsumbua mama kila baridi ikishuka, na fimbo ameikataa katakata, eti ni ya wazee.

Uliuliza tunakula nini baada ya mahindi ya shamba la chini kukauka. Usicheke: mihogo. Sisi watu wa ndizi huiona chakula cha wageni, nami kwa ujuzi wangu nikaipanda kama magimbi, kivulini chini ya migomba. Ikarefuka kutafuta jua, mizizi ikawa myembamba kama vidole vyangu. Jirani yetu Odilia, ambaye mumewe anafanya kazi na hao wageni kwenye mashamba ya miwa, alicheka hadi akakaa chini. Akanielekeza niipande upya juani, kwa nafasi ya hatua moja, na katikati nitie maharage, kwa kuwa huvunwa kabla mihogo haijatanda. Nilimsikiliza. Maharage tulishakula, na sasa mihogo ndiyo inayotuvusha. Mama aliisusa siku mbili; ya tatu akauliza kama imebaki.

Lakini Kaka, jua hilo nililipataje kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani lililofunikwa na migomba na kahawa? Niling'oa kahawa ya baba, mistari miwili ya upande wa mfereji. Ilikuwa mizima. Nilipokuandikia mwaka jana kwamba imekufa kwa ugonjwa, nilikudanganya, maana nilikuogopa. Sikujua kwamba utamwandikia Mzee Mathew, aliyekuwa akiipiga dawa tangu enzi za baba, umwambie uzembe wake ndio ulioiua na asikanyage tena kwetu.

Hakukanyaga. Jumapili baada ya misa alisimama nje ya ua, akanikabidhi jani la sale nikutumie kukuomba msamaha. Alisema huenda kweli kuna mahali alikosea, na hataki kufa mkiwa na kinyongo. Nikalipokea, nikanyamaza. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jana nilimrudishia jani lake, nikamweleza yote. Akasema mimi amenisamehe, ila angependa kusikia neno kutoka kwako.

Mama anakusalimu sana, na wifi mpe salamu zangu. Sale lililomo ndani ya bahasha hii nimelichuma mwenyewe, ni langu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, Kaka, lakini mwandikie Mzee Mathew kwanza.

Mdogo wako,
Kornelia