Nilimsimamia Rifka Mara Mbili

Hana,

Salamu utazipata mwisho, nikipoa. Umeniponza, mwanamke wewe.

Ulipokuwa kitandani pumzi zikikatika, ulinishika mkono ukasema, "Mwanaidi, siku yetu ikifika, msimamie Rifka." Nikaitikia. Ningekataaje? Miaka yote tumekaa ua mmoja hapa Malindi, nakuona. Siku ile ambayo kwenu Mayahudi nchi nzima huwakumbuka wenzenu waliouawa na Wajerumani, king'ora kikalia na magari yakasimama njiani, nawe huku wasimama, wala king'ora hukisikii. Umekauka uani kama nguzo, mimi nakupigia kelele sufuria yako yaungua. Hunijibu! Ukimaliza ndipo wasema, "Rifka mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Alipenda ganda la mkate." Basi, hayo tu. Mtoto kauawa, hana hata kaburi, nawe wanipa ganda la mkate, kisha warudi kukwangua sufuria.

Siku hiyo huhama kama Idi zetu, hilo nilijua, kwani nanyi mwahesabu kwa mwezi. Nikahesabu miezi kumi na miwili tangu ya mwaka jana, kama tuhesabuvyo sisi. Nikavaa buibui langu zuri, nikaenda kusimama sokoni, mbele ya meza ya samaki. Sikutaka kusimama kwa kujificha.

Kombo muuza samaki, unaujua mdomo wake: "Bibi, huyo changu wamnunua au wamposa?" Soko zima likacheka. Nilipomaliza kusimama nilimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa.

Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mwanangu Athmani akanijia juu: "Mama, wawasimamia Mayahudi? Husikii redioni wanavyowafanya Wapalestina?" Nikamwambia nasikia, na nawalilia. Lakini Rifka kambomolea nani nyumba? Hebu nitajie! Tangu siku ile hajatia mkono katika chakula changu. Hilo nalo ni lako, Hana.

Ulipopita mwezi, akaja mpwa wako kutoka Nairobi kuuza vitu vyako. Nikamsimulia nilivyosimama siku yenu, nikitaraji asante. Akanitazama. "Lakini Mama, hiyo siku ni leo. Hesabu yetu, mwaka mwingine iko na mwezi moja zaidi."

Mwezi wa kumi na tatu! Umri wote huo ukala na kunywa nami, hukuweza kunambia muna mwezi wa ziada? Nimechekwa na soko, nimekosana na mwanangu, kumbe siku siyo!

Na yeye ajua ni leo, naye yuafunga sufuria zako kwa kamba. Hapo nikapandwa na hasira. "Simama!" Akasema hayo mambo ni ya wazee. "Simama nimekwambia, msimamie Rifka!" Akasimama, jitu zima, sufuria mkononi. Nami nikasimama. Athmani alipita mlangoni akatuona. Hakusimama, usijidanganye.

Tulipomaliza mpwa wako akaniuliza, "Rifka ni nani?"

Hana! Shangazi yake mwenyewe! Mimi mtu wa kando ndiye niliyemwambia: mdogo wa babako, miaka sita, mpenda ganda la mkate. Akakaa chini pale pale uani. Wewe na kakako mlikuwa na nini? Mmemficha mtoto kwa uchungu wenu, na waliomuua walitaka hilo hilo, asijulikane kama alikuwapo.

Sasa sikiliza. Mpwa wako ameapa kila mwaka ataniletea tarehe ya siku yenyewe, na nikisikia hakusimama nitamfuata huko huko Nairobi. Na ile siku niliyokosea siitupi. Nitasimama pale pale kwa Kombo, na acheke mpaka meno yamtoke. Akiniuliza, nitamtajia Rifka kwa sauti, soko lisikie. Athmani akitaka kula, chungu kipo jikoni.

Haya, salamu zako ndizo hizi, zichukue. Lala sasa. Na ukimwona huyo mtoto, ganda la mkate mpe yeye, usile wewe.

Mimi,
Mwanaidi wa uani