Huku "Si" ni Kukataa, Kule "Si" ni Kukubali

Mpendwa binti yangu Skola,

Jumapili ile simu ilipokatika, mama yako alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Nilikuwa nimekuuliza, "Mwanangu, unataka kurudi nyumbani?" Ukajibu, "Si." Neno hilo moja, kisha mtandao ukaondoka. Mama yako akauweka mwiko chini, akasema, "Amekataa."

"Hajakataa," nikamwambia. "Kwa Kihispania, 'si' ni ndiyo. Mimi mwenyewe nilimfundisha."

"Kwa hiyo, Baba Skola, ulimfundisha mtoto kukubali kwa neno la kukataa. Sasa tutajuaje?"

Wiki nzima nilikuwa nachuma kahawa mbivu na mbichi pamoja, akili haipo. Mengi yametokea tangu siku ile, ndiyo maana nakuandikia. Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Sista wa zahanati ataipiga picha kwa simu yake akutumie, na yeyote atakayetaka kuisoma njiani aisome. Hapa kijijini wengi wananiuliza habari zako kila siku.

Unakumbuka mgongo wako ulivyoanza kupinda? Kwanza bega moja la sare likawa linashuka, tukadhani fundi kakosea kushona. Baadaye ukawa unahema ukipanda mlima wa kwenda shule. Madaktari walisema unyooshwe mapema, na nafasi ikapatikana mbali, Hispania, kwa familia itakayokulea hadi upone. Nafasi ilikuwa ya mtoto, si ya mzazi. Mama yako aliuliza mara tatu kama ni kweli utakwenda bila sisi. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: ukishikwa na kiu, utamwambiaje mtu?

Sista aliishi miaka mingi kwa watu wa lugha hiyo. Alituandikia maneno kwenye karatasi, ukayasoma mara moja na kuyasahau palepale. Lakini nyimbo zote nilizotungia kwaya ya kigango ulikuwa unazijua, hata zile ambazo kwaya yenyewe ilikuwa imeshazisahau. Nikasema basi, nitayatungia nyimbo.

Tulikuwa tunakaa pale kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, mimi upande huu, wewe upande ule juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunaokota punje mbovu. Nilikuanzishia maji: "Mganga anaagua, mimi naomba agua." Ulicheka hadi ukapaliwa. Kitanda nacho kikapata wake: "Nikichoka kama mama, nilazeni kwenye kama." Maumivu yalinisumbua siku mbili nzima, mpaka methali ya marehemu bibi yako ikanisaidia: "Yaliyopita si ndwele, yanayouma me dwele." Hiyo ukaipenda kuliko zote. Ulikuwa unaiimba hata ukiosha vyombo, na mama yako akawa anakukataza akisema unajitabiria.

Siku Sista alipotuambia kwamba kwao "baba" ni udenda, ulikimbia kwa mama yako na mgongo wako ule ule, unapiga kelele, "Mama, Baba ni udenda!" Mama yako, aliyekuwa hajacheka tangu tupate tarehe ya safari, alikaa chini kwa kicheko.

Kazi ilikuwa "si". Nilikuuliza, "Unataka kiazi?" ukasema "ndiyo". Nikakataa kukupa mpaka useme "si". Ukanitazama kama mtu anayeibiwa.

"Baba, wamegeuza neno?"

"Kwao halikugeuzwa. Ndivyo lilivyo."

"Daktari akiniuliza kama inauma, nikisema 'si', ataongeza dawa au ataondoa?"

"Ataongeza."

"Na nikisahau?"

Nilikuambia hutasahau. Skola, siku ile nilisema tu. Sikuwa na uhakika hata kidogo. Tulirudia mchezo ule mpaka kiazi kikapoa, na ulipoondoka asubuhi ya safari na Sista, aliyekusindikiza hadi uwanja wa ndege, umefungwa shuka mbili kwa baridi ya Juni, bado nilikuwa nauliza kwenye dirisha la basi, "Inauma?" nawe unajibu, "Si," na abiria wanashangaa.

Siku ya upasuaji nilishinda kwenye benchi la zahanati. Jua lilikuwa limeanza kushuka Sista alipotoka na simu mkononi. Alisema umezinduka. Alisema muuguzi wa huko anauliza ule ni wimbo gani, maana hukulia, ulikuwa unaimba "me dwele" kwa mahadhi, mara nne, mpaka wakaelewa wakakuletea dawa. Niliondoka bila kumuaga Sista. Nilitembea hadi nyumbani nikilia, na watu wakanipa pole wakidhani tumefiwa.

Baada ya hapo ndipo hofu nyingine ikaingia, ambayo sikuitarajia. Kila Jumapili Kiswahili chako kilikuwa kinapungua. Ulikuwa ukitafuta neno unasema "este, este". Yule bwana wa familia inayokulea ukamwita "papa", na mimi najua kwamba huko ndivyo mtoto anavyomwita baba yake, maana niliona kwenye karatasi ya Sista. Sikumwambia mama yako. Nilianza kujiuliza kama nilikufundisha vizuri kupita kiasi.

Ndipo ikaja ile "Si".

Jumapili iliyofuata niliamua nikuulize kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani ambayo sikuitungia mchezo wowote. Nilidhani mtandao umeondoka tena. Kisha ukanijibu kwa Kimatengo safi, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa gogo.

"Nataka, Baba. Naogopa."

"Unaogopa nini, mama?"

"Huku hakuna anayeniita Kibyongo. Nikirudi, shuleni bado wanalijua lile jina."

Skola, mimi sikulijua. Miaka miwili unapanda mlima ule na jina hilo, hukuniambia, nami nipo kwenye kichanja natunga vina. Nilikuuliza nani alianza. Ukasema Fabiola, wa darasa lako. Kisha ukasema, "Usimchape, Baba." Nilimpa mama yako simu.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Mwalimu wako alinisikiliza mpaka mwisho, akainama, akasema, "Shikamoo tena, mzee. Hilo jina nilikuwa nalisikia. Nilidhani ni utani." Kisha akaniomba niingie darasani. Nilisimama mbele ya wale watoto, hasira ikaniishia, maana ni wadogo, nyuso zao zimepauka kwa baridi. Badala ya kuwagombeza nikawauliza kama wanataka kujua mwenzao anaongea nini huko aliko. Nikawaimbia ule wa agua.

Sasa naenda kila Jumatano. Wanaimba vibaya. "Me dwele" wanaisema "memwele". Nawaambia kwamba ulilala hospitali ya ugenini bila mama, bila baba, na maneno haya ndiyo yaliyokusaidia. Lakini sitaki kukudanganya kama nilivyokudanganya kwenye kiazi. Sijui kama jina lile limekufa. Wiki iliyopita nililisikia nyuma ya choo cha shule, nikashindwa kujua ni la kwako au wamempa mwingine. Nalala nalo, naamka nalo. Daktari amesema utarudi kahawa ikiisha kuchumwa, na mimi, mkulima, naona mavuno yanakwenda haraka na pia hayaendi.

Jumatano hii, watoto walipokwisha kutoka, Fabiola alibaki. Alikuwa anachora sakafu kwa kidole cha mguu. Nilimsubiri.

"Shikamoo, Baba Skola."

"Marahaba."

"'Samahani' wanasemaje?"

Nikaitoa karatasi ya Sista mfukoni. Niliipitia juu hadi chini, nyuma na mbele. Kuna maji, kuna mkate, kuna kichwa, kuna sindano. Samahani haimo. Hatukuwahi kufikiri kwamba utaihitaji wewe.

Nilimwambia sijui, nitakuuliza wewe. Jumapili atakuja hapa nyumbani baada ya misa, na mama yake amekubali. Nitampa simu. Ukitaka kumfundisha neno hilo, mfundishe. Usipotaka, mwambie hapana, kwa lugha yoyote, nami nitamrudisha kwao na sitakulaumu.

Kaa salama huko, mwanangu, na uwasalimie wanaokutunza. Mama yako anasema vaa soksi.

Ni mimi,
Baba yako