Bunduki ya Gaspari

Kwa mke wangu Mama Editha,

Pokea salamu za kutoka huku Dar es Salaam, za mtu aliyeshiba ugali na kununa. Afya ipo, joto lipo, na kifua kilichokuwa kikinibana kimeachia tangu niache kulala chini ya feni. Je, nyie hamjambo? Goti la mama linaendeleaje na baridi ya huko? Editha ameanza vizuri kidato cha pili? Na ile migomba ya bondeni, mnyauko umeishia palepale au umepanda hadi karibu na nyumba? Nijibu hayo yote, hata kama haya yanayofuata yatakuudhi.

Maharage yamenifikia, na barua yako niliikuta imelala juu yake. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu Jumapili uliweka sauti kubwa, mama akasikia ninavyofoka, nawe ukanikatia. Safari hii nimempa barua kondakta wa basi la Ngara na nimemwonya asiikunje. Madhumuni yake unayajua, maana wewe ndiye uliyeyaanzisha.

Umeniandikia kwamba Gaspari, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, anaomba kumiliki bunduki, na kwamba ombi lake limeletwa kwenu halmashauri ya kijiji kabla halijapanda kata na wilaya. Wajumbe wamegawanyika nusu kwa nusu, na wewe peke yako hujasema. Hapo nilijisikia fahari. Mke wangu anasubiriwa na Mugoma nzima. Kisha ukaendelea, kama vile unaniandikia habari za mvua, kwamba siku ya soko Gaspari alikupakia kwenye pikipiki yake kutoka Kabanga mpaka mlangoni, kwa kuwa njia si salama. Mlangoni, Mama Editha. Kukushushia njia panda kulikuwa na ubaya gani?

Sikufichi, nina wivu. Nina wivu na ile pikipiki, na ule mgongo wake mpana uliokaa mbele yako njia nzima, na hayo maneno "mtu wa msaada sana" ambayo umeyaandika mara tatu. Gaspari ni mgane, jambo ambalo hukuliandika kwa sababu unajua ninalijua. Usipande tena pikipiki ile. Bodaboda wamejaa Kabanga, tena wengine ni wazee.

Kuna na wivu mwingine, nao ni wa aibu zaidi. Mwaka wa saba sasa ninashika bunduki ya kazi ya ulinzi, na kila jioni ninaisaini na kuirudisha stoo kama mwanafunzi anayerudisha kitabu cha shule. Nikija likizo watu wananiuliza habari za silaha, nami ninajibu kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua. Sasa Gaspari atakuwa na yake. Ataining'iniza ukutani kwake, hatasaini kwa mtu yeyote, na mimi nitarudi kuwa Evarist wa kawaida. Hata safari yetu ya kwanza, tulipopita pori la Biharamulo enzi zile mabasi yanasindikizwa kwa sababu ya majambazi, wewe ulilala fofofo kwa kuwa askari alikaa kiti cha mbele na bunduki yake. Mimi sikulala. Nilikuwa nakuangalia unavyomtegemea mtu mwingine. Ulikuwa hujui hilo, basi lijue leo.

Nimezisoma sababu zako na sizidharau. Yule mama mjane wa Mbuba walimvunjia mlango, wakamkata panga mkononi, wakaondoka na mbuzi wote, na polisi walifika kesho yake wakati damu imeshakauka sakafuni. Uliandika, "Baba Editha, wewe unalinda mali ya tajiri kwa bunduki, na sisi huku tunalindwa na komeo." Maneno hayo yaliniingia. Umeniandikia pia aliyoyasema Gaspari kikaoni, kwamba roho ni yake, ng'ombe ni wake, serikali imkague inavyotaka lakini isimnyime kujilinda. Na mwalimu mstaafu Ladislaus akamjibu, "Kijiji hiki tumegombania mipaka ya mashamba miaka yote kwa majembe, na ndiyo maana bado tupo hai wote. Mimi nakuamini leo. Sijui kama nitakuamini siku ng'ombe wako wakila mihogo yangu." Ningekuwepo, ningempigia makofi huyo mzee, lakini si kwa ajili ya mihogo.

Rasimu ya kwanza ya barua hii ilikuwa kurasa mbili, usalama wa raia kuanzia juu mpaka chini. Nilikuagiza umkatalie Gaspari, nikataja hatari za silaha moja baada ya nyingine, nikasikika kama mkuu wa wilaya. Kila nililoandika lilikuwa kweli, ila hakukuwa na sentensi hata moja niliyoiandika kwa sababu hiyo. Nimeichana. Sasa nakueleza kilichotokea, na nakiandika kwenye karatasi yake peke yake.

Barua yako niliisoma Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa lindoni, kwenye geti la duka la vifaa vya ujenzi. Bunduki ilikuwa begani. Nilikuwa nimefika hapo pa pikipiki, narudia kusoma, mara akaja mteja na pikipiki yake, akaisimamisha mbele ya geti palipoandikwa wazi kwamba hapasimamishwi kitu. Alikuwa anaongea na simu na anacheka. Nilimwambia aondoe. Akaninyooshea kiganja kwamba ningoje, akaendelea kucheka. Alikuwa na mgongo mpana.

Sikumbuki kuishusha ile bunduki. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta nimeishika kwa mikono miwili, na kidole kimeshaingia mahali tunapofundishwa kisiingie bila sababu. Mdomo wa bunduki ulikuwa bado umeelekea chini, namshukuru Mungu kwa hilo. Yule bwana alinitazama usoni na kicheko kikamkauka. Aliisukuma pikipiki yake bila hata kuiwasha, mpaka upande wa pili wa barabara.

Niliingia ndani kwa msimamizi wetu wa zamu, nikatoa risasi mbele yake, nikamkabidhi.

"Bosi, nipokee hii. Leo sifai kuishika."

"Unaumwa?"

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

Nilimsogezea na risasi zake. Aliichukua, akaifungia. Siku nzima nilifungua na kufunga geti mikono mitupu. Wenzangu walinitania kwamba nimepata malaria ya mapenzi, na walikuwa wamepatia bila kujua.

Tangu siku hiyo jambo moja halinitoki kichwani. Mimi nimefunzwa. Alama zangu za vidole zilichukuliwa, jina langu liliulizwa mpaka kijijini, na kabla ya kupewa hiyo bunduki niliapa. Mimi si mlevi wala si mgomvi, wewe ni shahidi. Yule mtu hakunikosea chochote zaidi ya kucheka na kuwa na mgongo. Kilichotuokoa, yeye na mimi, ni kwamba hatua ishirini nyuma yangu palikuwa na mtu wa kumkabidhi. Gaspari anaishi peke yake. Ni mtu mwema, nimejilazimisha kuliandika hilo na nimeliandika, na wema wake ndio unaoniuma kila nikifikiria. Lakini siku naye atakapoumwa kama nilivyoumwa mimi, ataamka, ataichukua ukutani, na kati yake na sisi hatakuwepo mtu.

La yule mjane wa Mbuba sina jibu lake. Najua atasema mimi nazungumza nikiwa nimekaa getini na silaha begani, na ni kweli. Pengine zamu za usiku za kulinda kijiji zirudi, pengine bunduki ikae kwa mtendaji wa kijiji na isainiwe kama yetu, sijui. Wewe una akili ya vikao kuliko mimi. Sikuambii useme ndiyo wala hapana, maana nikikuambia hapana sitajua ni mlinzi aliyesema au ni mume.

Mwambie mama shikamoo yangu, na yale majani ya kuchua goti asiyaache. Editha mwambie baba yake anauliza hesabu amepata ngapi. Kaka yangu Privatus msalimie, asisahau kuja kuangalia ile migomba, na mwalimu Ladislaus mpe heshima zangu za mwanafunzi wake wa zamani.

Kikao ni Alhamisi, na basi likienda vizuri barua itakuwa imekufikia Jumatano. Ukisimama kusema, toa ile karatasi ya peke yake uwasomee wajumbe. Watacheka. Watanicheka nikija Krismasi, klabu nzima ya pombe ya ndizi itanicheka, na wewe watakuonea huruma kwa kuolewa na mtu kama mimi. Nimelifikiria hilo siku tatu na nimelikubali. Gaspari mwenyewe atakuwa amekaa pale mbele. Jina lake usiliruke, na langu pia usiliruke.

Ni mimi mumeo, niliye mbali kuliko ninavyopenda,

Evarist